Barua kwa Mwanangu: Jiko Liko Wapi?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma kwa sauti ili mama yako naye asikie. Umeuliza jambo moja tu: je, mimi baba yako ninaamini kwamba mtoto wako amezaliwa na mdomo sungura kwa sababu ya tendo alilolitenda katika maisha yaliyotangulia, kama alivyokwambia yule mzee aliyekuja kukuona hapo Leicester? Nimekaa na swali hilo wiki nzima. Nitakujibu, ila nivumilie nianze kwingine, kwa maana kabla ya kuuliza deni ni la nani na ni la nini, yatupasa kuuliza watu hawa wamejuaje kwamba kuna maisha yaliyotangulia.

Unafahamu kwamba katika mambo haya mimi ni mtu wa Nyaya, ile shule ya kale ya Kihindi ya mantiki na hoja. Bibi yako alikuwa mtu wa nyimbo na wa kufunga kila Jumatatu, wala sijapata kuona imani iliyo safi kuliko yake. Lakini miaka niliyokaa Pune, kule India, ilinifunga kwa Gautama, mwasisi wa Nyaya (si Buddha), na sutra zake, yaani kauli zake fupi fupi, vitabu vitano vyenye sehemu mbilimbili, ambavyo haviruhusu neno lipite bila kuhojiwa. Ninyi mmekua mkiusikia mfano wao mkubwa mpaka mkauchoka: mlimani kuna moto, kwa sababu kuna moshi, na popote penye moshi pana moto, kama jikoni. Ukiliondoa jiko katika maneno hayo, hoja yote inaanguka. Ndiyo maana kila mlipoleta madai yenu mezani, wewe na mdogo wako, niliwauliza jiko liko wapi. Bado nasimama palepale: anayedai jambo lisiloonekana anadaiwa mfano unaoonekana.

Sasa, kwa maisha yaliyotangulia, jiko la Gautama ni mtoto mchanga. Katika kitabu cha 3 anasema kwamba mtoto aliyezaliwa sasa hivi hufurahi, huogopa na huhuzunika, ilhali katika maisha haya hajakutana bado na cha kumfurahisha wala cha kumtisha. Basi hayo aliyazoea kwingine, na kumbukumbu ya mazoea hayo amekuja nayo. Mpinzani anadakia kwamba hayo ni kama yungiyungi linavyochanua na kujifunga lenyewe. Anajibiwa kwamba yungiyungi hufuata joto, baridi na mvua. Kisha inakuja hoja niliyoipenda kuliko zote. Mtoto hutafuta titi, na hakuna aliyemfundisha. Kukitafuta chakula hutokana na kukitamani, na kukitamani hutokana na kukumbuka kwamba kiliwahi kushibisha. Kwa hiyo aliwahi kula. Mpinzani anarudi: mbona chuma huifuata sumaku na hakikumbuki kitu? Anaambiwa kwamba chuma huifuata sumaku tu, hakifuati kingine, kwa hiyo hata mwendo huo una sababu yake maalumu. Nayo sababu ya kiumbe kukitamani chakula tunaijua kutoka nafsini mwetu wenyewe, kwamba tunakumbuka. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa kijana nisiye na mtoto, nikaiona imetimia kama yai, haina mahali pa kushika ili uipasue.

Halafu akazaliwa kaka yako.

Unajua jina lake na unajua kwamba alikaa nasi siku sita, lakini sidhani kama nimewahi kukusimulia siku ile ya pili. Ilikuwa masika ya 1981, mvua inapiga mabati ya wodi hata hatusikilizani, nami nilikuwa nimesimama kando ya kitanda nikingoja kuiona kwa macho yangu hoja ile ya kitabu cha 3. Mama yako alimshika, akamgusisha chuchu mdomoni, likatoka tone moja la maziwa likakaa juu ya mdomo wa chini. Nililitazama tone lile. Likakaa, kisha likateremka kidevuni, na mtoto hakugeuza kichwa. Walimlisha kwa kijiko, kidogo kidogo, na siku ya sita hakukuwa na haja tena ya kijiko. Tulimzika, hatukumchoma, kama ilivyo desturi yetu sisi Wahindu kwa watoto wachanga.

Siku ya pole, mzee mmoja ambaye sote tulimheshimu alikuwa amekaa barazani na kikombe cha chai mkononi, akasema kwa upole kabisa kwamba mtoto alikuja kumalizia deni lake, amemaliza, amekwenda zake, na kwamba wazazi nao walikuwa na deni lao. Mama yako alikuwa nyuma ya pazia. Maziwa yalikuwa yanamlowesha blauzi. Mimi, niliyefundishwa kumuuliza kila mtu jiko liko wapi, nilimwongeza mzee chai. Miaka zaidi ya 40 imepita, na mama yako hajawahi kunilaumu kwa ukimya ule, na kutolaumiwa huko ndiko kunakoniuma.

Kwa hiyo pengine ninalokuandikia ni lile nililopaswa kusema barazani siku ile. Wana-Nyaya wanasema kwamba tendo jema au ovu huacha sifa yake ndani ya nafsi, na sifa hiyo hukaa humo mpaka izae tunda, hata kama mwili uliotenda umekwisha kuwa majivu. Bila hivyo, wanasema, tunapata upuuzi wa namna mbili: aliyetenda anakosa matokeo ya tendo lake, na asiyetenda anafikiwa na yasiyo yake. Hapo niko pamoja nao. Siwezi kutazama watoto wawili waliozaliwa usiku mmoja, mmoja mzima na mwingine hawezi kumeza, nikasema imetokea tu. Lakini sikiliza jina walilokipa kitu hicho: adrishta, yaani kisichoonekana. Moshi ukiuona mlimani unajua kwamba kuna moto, lakini moshi haukwambii kama ni kuni za mwarobaini au za mkaratusi, wala nani aliyewasha, wala alikuwa anapika nini. Mzee yule aliruka kutoka "kuna sababu" hadi "sababu ni deni la mtoto huyu na la wazazi hawa", na kati ya maneno hayo mawili hapana jiko lolote. Udayana, mwana-Nyaya aliyeandika karibu miaka 1,000 iliyopita, alisema kwamba adrishta yenyewe haina akili, na kwamba kama shoka lisivyoweza kuchonga bila seremala, haiwezi kufanya kazi bila Mungu mwenye kuiongoza. Ikiwa ni hivyo, daftari liko kwa Mungu. Halikuwa barazani petu, wala haliko sebuleni kwako.

Nikifika hapo huwa naona nimeshinda, kisha najirudi. Gautama mwenyewe anasema kwamba mwili hutokea kwa kuandamwa na matunda ya yale yaliyotendwa zamani, na siwezi kulikubali neno hilo kwa miili iliyo mizima nikalikataa kwa mdomo wa mjukuu wangu. Je, siku ile nilichukizwa na hoja mbovu, au nilichukizwa kwa kuwa ilisemwa juu ya mwanangu? Sijui kama ningeona kasoro yake kwa wepesi huo ingesemwa juu ya mtoto wa jirani. Tena lipo lile tone la maziwa. Wana-Nyaya wangeniambia kwamba alama za mazoea hulala ndani ya nafsi mpaka ziamshwe, na mwili ule ulikuwa dhaifu mno kuziamsha, kwa hiyo kaka yako hakuivunja hoja. Ni jibu zuri. Kuna siku linanitosha, na kuna usiku halinitoshi kabisa. Na wewe uliniandikia mwaka juzi kwamba mtoto humeza maji ya uzazi akiwa bado tumboni, kwa hiyo huenda kule "kwingine" alikozoea ni humo humo ndani ya mama yake. Sijapata la kukujibu mpaka leo. Gautama angelikubali neno lako na kulitafutia jibu, kama alivyofanya kwa yungiyungi na kwa sumaku, maana hakuwahi kumdharau mpinzani.

Unataka ndiyo au hapana. Kwamba tuliwahi kuwa kabla ya kuzaliwa, ndiyo, naamini, nawe unajua hivyo tangu utotoni. Kwamba mtoto wako analipa, mkono wangu unataka mno kuandika hapana. Nimeshaliandika mara mbili na kulifuta. Silibakishi, kwa sababu jiko la hapana hiyo nimelitafuta wiki nzima nami sinalo, na sitakupa wewe nisichoweza kukitetea mbele ya mgeni. Ninachoweza kukupa ni kwamba mzee huyo naye hana. Akirudi, mkaribishe, mpe chai, na umuulize kile ambacho mimi sikuuliza. Muulize mbele ya mume wako, na usiinamishe macho.

Madaktari wamesema watamshona akifikisha miezi michache, na mama yako ameuliza mara nyingi kuhusu ile chupa laini ya kuminya. Katika video uliyotutumia, kuna sekunde chache kabla hujaifikisha chupa, ambapo anageuza kichwa kuielekea, mdomo umeshafunguka na ulimi umeshatangulia. Mama yako husimamisha hapo, anarudisha nyuma, anatazama tena. Anaomba utume nyingine, ya mtoto akiwa na njaa, tena uanze kupiga mapema, kabla hajaiona chupa.

Ni mimi baba yako,
Tanga