Kaseti isiyo na majina: albamu za roki ninazozirudia, na namna ya kuzisikiliza

Mwaka 1993 betri za redio zilikuwa ghali, na kwetu Mombasa hazikununuliwa kwa ajili ya muziki. Zilinunuliwa kwa ajili ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Mimi nilikuwa nangoja zichoke, baba aziweke kando, kisha naziokota na kuzianika juu ya bati tangu asubuhi hadi adhuhuri. Betri iliyoota jua hukupa dakika 40, na siku ya bahati hufika saa nzima. Katika dakika hizo ndimo nilimopenda roki.

Kaseti aliileta mjomba wangu, baharia, ndani ya mfuko wa nguo za watoto. Ilikuwa ya dakika 90, imerekodiwa kwa mkono, na karatasi yake ilikuwa imelowa maji ya chumvi hata wino ukasambaa. Hakukuwa na jina lolote linalosomeka. Ukiweka upande wa kwanza unasikia mvua, radi na kengele ya kanisa inayolia kwa mbali, halafu gitaa linaangusha noti tatu nzito, moja baada ya nyingine, bila haraka. Upande wa pili kuna vijana wanaimba nyimbo fupi fupi kwa mbio, wakimaliza huu wameshaanza mwingine. Wakinyamaza, zinabaki dakika 16 za mkanda mtupu.

Kupeleka mkanda mbele kunakula betri kuliko kuupiga. Kwa hiyo sikuwahi kuruka wimbo. Nilisikiliza kilichokuwamo, kwa mpangilio wake, mpaka redio ilipoanza kuburuta. Ikifika hapo gitaa lilishuka na mwimbaji akawa kama yumo ndani ya kisima. Mama akichungulia mlangoni: "Mwanangu, redio yako yataka kufa?" Nami namjibu, "La, mama, ni betri."

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba upande wa kwanza ulikuwa albamu ya kwanza ya Black Sabbath, ya mwaka 1970, na wa pili albamu ya kwanza ya Ramones, ya mwaka 1976. Tangu hapo nimesikiliza mamia ya albamu za roki, panki (roki ya mbio na nyimbo fupi) na metali (roki nzito), na vijana hunijia wakiniuliza waanze na ipi. Kabla ya kutaja jina lolote huwapa ushauri wa zile betri: usiruke wimbo. Chagua albamu moja, isikilize kuanzia mwanzo hadi mwisho, na uipe wiki nzima kabla ya kuihukumu. Albamu za wakati ule zilipangwa kwa upande wa kwanza na wa pili, na waliozipanga walifikiria wimbo upi ufungue na upi ufunge. Kuchomoa ule mmoja maarufu ni sawa na kufika harusini pilau inapopakuliwa, ukala, ukaondoka. Umeshiba, lakini bwana harusi hukumwona.

Anza na hiyo ya Black Sabbath. Walikuwa vijana wanne wa Birmingham, mji wa viwanda nchini Uingereza, na nyimbo zenyewe walizirekodi kwa siku moja tu, Oktoba 1969. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha mabati. Akiwa na umri wa miaka 17, siku yake ya mwisho kazini, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Naye ni mtu wa shoto, maana yake ni kwamba mkono huo ndio unaobana nyuzi. Alidhani gitaa limekwisha. Msimamizi wake wa kazini akampelekea santuri ya Django Reinhardt, aliyekuwa akipiga gitaa kwa vidole viwili baada ya kuungua moto. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akafinyanga vifuniko vya vidole, akavivika ngozi ya jaketi kuukuu. Akatafuta nyuzi nyembamba zisizomuumiza. Hata hivyo maumivu hayakwisha, na ilipofika albamu ya tatu, Master of Reality ya 1971, alizilegeza nyuzi katika nyimbo kadhaa hadi gitaa likashuka chini kuliko kawaida. Bendi nyingi za metali zilizofuata zimelegeza nyuzi kama yeye.

Niliposoma habari hiyo nilikumbuka redio yangu inayoburuta. Kumbe sauti niliyoipenda kwa sababu ya betri zilizochoka, yeye aliitafuta kwa sababu ya vidole vilivyokatika. Ukiisikiliza albamu hiyo, usimfuate mwimbaji peke yake. Mfuate Bill Ward kwenye ngoma: hapigi kama mtu anayegongomea misumari, anapiga kama mtu wa jazi, anarukaruka, anaacha nafasi. Ndiyo maana uzito ule hauchoshi.

Wapo watakaokuambia huu ni muziki wa shetani. Nimeambiwa na majirani, na wengine ni watu ninaowaheshimu sana. Sijibizani nao. Mtu wa aina hiyo namweleza tu kwamba katika Master of Reality kuna wimbo mzima wa kumtetea Mungu, uitwao "After Forever", ambao maneno yake yaliandikwa na mpiga besi wao, Geezer Butler, aliyelelewa katika Ukatoliki. Akitaka kuusikia, nampigia. Asipotaka, nazungumza naye mambo mengine.

Sasa Ramones, wale wa panki wa upande wa pili wa kaseti. Gharama dola 6,400, takriban wiki moja studioni, nyimbo 14, dakika 29. Huhitaji kujua zaidi ya hapo, ila kuna jambo moja ambalo hedifoni zitakufunulia. Gitaa limewekwa upande mmoja na besi upande wa pili. Chomoa sikio moja utasikia gitaa bila besi. Chomoa la pili, utasikia besi bila gitaa. Kama una gitaa nyumbani na huna mwalimu, albamu hii ndiyo mwalimu. Johnny Ramone anapiga kwa kushusha mkono tu, chini, chini, chini, bila kuupandisha kwenye nyuzi. Jaribu dakika mbili uone mkono utakavyowaka! Mimi nilijifunza kubana nyuzi hapo, na hadi leo sijapata njia iliyo rahisi kuliko hiyo.

Anayeona Ramones ni wa aina moja mno, namwekea London Calling ya The Clash, ya Desemba 1979. Ni sahani mbili zilizouzwa kwa bei ya moja, nyimbo 19, na ndani yake mna roki, rege, ska na hata jazi kidogo. Ni nzuri kwa nyumba yenye watu wengi, kila mmoja atapata wimbo wake.

Lakini ikiwa nitaruhusiwa albamu moja tu ya panki, nitachagua ile ya Bad Brains ya mwaka 1982. Nataka niseme hili bila kusitasita, maana mtu mweusi anayesikiliza roki huulizwa kila mara anatafuta nini kwa Wazungu. Bad Brains walikuwa vijana weusi wanne wa Washington, Marekani. Walianza na jazi iliyochanganywa na roki, wakahamia panki, wakawa Marasta. Albamu hiyo ilitoka kwa kaseti tu mwanzoni, na kwenye jalada radi inapiga kuba la bunge la Marekani, kwa rangi nyekundu, manjano na kijani. Wanapiga kwa kasi ambayo sikio la kwanza linaona ni vurugu. Kisha, ghafla, kila kitu kinatulia na rege inaingia, ya polepole, na besi ya Darryl Jenifer inatembea kama mtu aliyetoka kazini. Hapo ndipo unapofahamu kwamba ile vurugu ilikuwa imeshikwa barabara muda wote. Wapigaji hawa wanakwenda mbio kwa sababu wanaweza, na wanasimama pale wanapotaka. Ukiruka nyimbo za rege ili uendelee na zile za kasi, umeivunja albamu katikati.

Kwenye metali, watu wengi hushindwa kwa sababu ya urefu wa nyimbo. Master of Puppets ya Metallica, ya mwaka 1986, ina nyimbo nane zenye jumla ya takriban dakika 55. Aliyezoea nyimbo za dakika tatu hukata tamaa mapema. Kwetu sisi hilo lisiwe tabu. Tumekulia kwenye taarabu, ambamo utangulizi wa vyombo peke yake unatosha kunywa kahawa, na kwenye rumba ya Kongo, ambamo unangoja sebene huku ukijua itafika. Sikiliza metali kwa subira hiyo hiyo. Katika "Orion", ambao hauna mwimbaji kabisa, kuna mahali katikati ambapo kishindo kinakwisha na besi ya Cliff Burton inabaki ikiongea taratibu. Mimi pale huwa naacha ninachofanya. Burton alikufa Septemba mwaka huo huo katika ajali ya basi la bendi nchini Uswidi, akiwa na umri wa miaka 24.

Na kwa kuwa kila Mswahili atataja jina la Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja mwaka 1946, nami nataja: tafuta Sheer Heart Attack ya Queen, bendi yake, ya 1974. Humo mna "Stone Cold Crazy", mfupi na wa mbio, ambao Metallica wenyewe waliurudia mwaka 1990. Hilo linatosha.

Kabla sijasahau, masikio. Niliwahi kusimama mbele ya spika usiku mzima katika onyesho moja Nairobi, na masikio yakanililia siku mbili. Tangu siku hiyo siingii onyeshoni bila vizibo vya sponji, vile vya duka la dawa. Muziki unapungua ukali, haupungui utamu. Na nyumbani, ukiona unaongeza sauti ili kushinda kelele za barabarani, zima, ngoja usiku. Masikio yakiharibika hayashonwi.

Nairobi hiyo hiyo imetoa Duma, vijana wawili walioachia albamu yenye jina lao mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Si duma mnyama, ni giza kwa Kikikuyu. Ni albamu ngumu, mayowe na mashine, na sikushauri uanze nayo. Irudie baada ya mwaka mmoja.

Badala yake njoo Zambia. Katika miaka ya 1970 vijana wa huko walichukua magitaa yenye sauti ya kukwaruza wakapiga roki yao, ambayo leo inaitwa Zamrock. Bendi ya WITCH walitoa Lazy Bones!! mwaka 1975, na mwimbaji wao Emmanuel Chanda aliitwa Jagari, kutokana na Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones. Bei ya shaba, tegemeo la nchi, ilianguka, bendi zikakosa kazi, na baadaye ukimwi ukawachukua wengi wao. Chanda alibaki, akafanya kazi ya kuchimba vito, na mwaka 2023 WITCH walitoa albamu mpya, Zango. Nilipoisikia nilifurahi kama nimepata barua ya ndugu aliyepotea.

Ila ninayoipenda zaidi ni Africa ya Amanaz, bendi nyingine ya huko, nayo ya 1975. Gitaa linakwaruza, lakini sauti za waimbaji ni za upole, kama watu wanaozungumza barazani jua likizama. Mwaka jana niliiweka nyumbani kwa mama, yote, bila kuruka. Alikuwa ameketi na sinia anachagua mchele, na hakusema neno mpaka wimbo wa mwisho ulipoanza.

"Huu waitwaje?"

"Kale, mama."

"Kale hii yetu?"

"Hiyo hiyo. Na wao wana kale."

Akaliweka sinia chini. Hakuniuliza kama redio yataka kufa. Wimbo ulipokwisha alisema nirudishe mwanzo, asikie walipoanzia.