M35A2 inayozima baada ya dakika chache

Ndugu, lori la kijeshi la Marekani aina ya M35A2 lililolala miaka mingi, likawaka na kuzima baada ya dakika chache kama ulivyoeleza, mara nyingi halina tatizo la injini yenyewe bali la njia ya mafuta. Fungua swichi kuu kabla ya kupiga stata, usikilize kama pampu ya umeme iliyomo ndani ya tangi inanguruma. Ikiwa kimya, pima kama volti 24 zinaifikia. Kisha badilisha filta zote na utoe hewa kwenye mabomba.

Hata hivyo, pedali ya breki inayozama hadi sakafuni, ambayo umeitaja kama jambo dogo, ndiyo inayonitia hofu zaidi. Breki za lori hili husaidiwa na upepo, lakini mafuta ya breki yamo katika mzunguko mmoja tu, hivyo bomba moja likipasuka magurudumu yote hukosa breki kwa pamoja. Usilitoe uani kabla ya kukagua silinda kuu, mirija ya mpira na silinda ya kila gurudumu. Mafuta ya breki ya silikoni, yaliyotumiwa na jeshi la Marekani, yasichanganywe na yale ya kawaida.