Zamu ya maji jangwani
Umeuliza wakulima wa mwanzo wa Phoenix, Arizona, waliishije jangwani kabla ya umeme. Maisha yao yalifuata mfereji: tangu mwaka 1867, mlowezi Jack Swilling na wenzake walipoanza kufukua mifereji iliyochimbwa karne nyingi kabla na Wahohokam, wenyeji wa kale wa eneo hilo, kila shamba la ngano au shayiri lilingoja zamu yake ya maji, na zamu ilipoangukia usiku wa manane, mwenye shamba aliamka akashika koleo na taa. Mgawa maji, aliyeitwa zanjero, nadhani aliogopwa kuliko polisi. Wakati wa joto familia zililala barazani, zikijifunika mashuka yaliyoloweshwa. Mto Salt, uliolisha mifereji hiyo, ulifurika au kukauka upendavyo, hadi Bwawa la Roosevelt la kuuzuia lilipokamilika mwaka 1911.