Aya iliyohamishiwa kiambatisho

Mhariri, mmeuliza wiki hii: "Je, kijana aliyehitimu chuo aanzie kazi katika kampuni ya ushauri inayohudumia serikali?" Najua wengi watawajibu kwa mshahara, safari na uzoefu. Mimi nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na kinachonikera ni kitu kingine: ripoti zile ni mali ya nani? Maana hapo ndipo raha na karaha zote za kazi hii zinapoanzia.

Mikataba hii mara nyingi hulipwa kwa awamu. Fungu moja baada ya ripoti ya awali, jingine baada ya rasimu, na lililobaki mteja akishaipokea ripoti ya mwisho. Anayeipokea mara nyingi ni mkuu wa idara ileile mliyoitwa kuichunguza. Kijana anapaswa kulielewa hili kabla ya kusaini chochote.

Wizara moja ilitupa zabuni ya kutafuta kwa nini mafao ya wastaafu yanachelewa. Hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi tuliyopewa, zilishaamua jibu: tupendekeze mfumo wa kompyuta. Tulihoji wakurugenzi, tukachora michoro. Kisha mzee mmoja wa masjala akanifungulia daftari lake la kupokea na kutoa majalada. Kila jalada lilikuwa na tarehe ya kuingia na kutoka katika kila meza. Ukizifuata tarehe zile kwa kidole, unaona majalada yakipita meza zote bila shida, kisha yanalala kwenye meza moja: ya ofisa wa saini ya pili, aliyekagua upya yaleyale yaliyokwisha kukaguliwa na mwenye saini ya kwanza. Kompyuta isingeiondoa saini hiyo. Ingeionyesha tu ikichelewa.

"Mwanangu," mzee aliniambia, "hili nimeliandikia dokezo zaidi ya mara moja. Dokezo la karani haliendi mbali."

Tukaliandika, tena katika aya za mwanzo kabisa. Rasimu ilirudi na maoni ya idara: aya iondolewe, iko nje ya hadidu za rejea. Nilibishana kikaoni hadi nikaambiwa waziwazi kwamba ripoti isipopokelewa, hakuna atakayelipwa. Kiongozi wa timu yetu akapendekeza isifutwe, ihamishiwe kiambatisho cha mwisho, pamoja na jedwali la tarehe. Wakakubali. Kwenye warsha ya kuithibitisha ripoti tulizungumzia mfumo wa kompyuta asubuhi hadi jioni. Mzee wa masjala hakualikwa. Hasira ya siku ile ninayo mpaka leo, na kwa hasira hiyo nilianza barua hii nikitaka kumwambia kijana asikanyage huko.

Lakini kisa hakikuishia warshani. Baadaye wakaguzi wa ndani waliulizia ucheleweshaji uleule, mtu mmoja akakifungua kiambatisho, na waraka ukatoka kuifuta saini ya pili. Mzee alikuwa ameshastaafu. Maneno yalikuwa yake, ila safari hii yalikuwa ndani ya ripoti iliyopokelewa rasmi, na ofisa aliyeyanukuu hakuhitaji kujieleza kwa mkubwa wake. Nikimfikiria sasa yule kiongozi wetu, naona aliinusuru aya ile kwa njia pekee iliyokuwepo. Je, serikali inapaswa kulipa kampuni ili isikie kauli ya karani wake mwenyewe? Hapana. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya Machi 2022 ilionyesha serikali ya nchi hiyo ilitumia zaidi ya euro bilioni 1 kwa kampuni za ushauri mwaka 2021, na moja ya hoja zake ilikuwa hiyohiyo: serikali kuwategemea watu wa nje kupita kiasi.

Kwa hiyo namwambia aende. Atajifunza kuandika kwa haraka, kuongoza kikao cha watu waliomzidi umri, na kuona ndani ya ofisi nyingi kwa muda mfupi. Ila asijione mtumishi wa umma. Serikali ya Marekani ilipofunga sehemu ya shughuli zake kwa siku 35 kwa kukosa bajeti iliyopitishwa, kuanzia Desemba 2018 hadi Januari 2019, sheria iliwahakikishia watumishi wa serikali mishahara yao ya siku zile. Wafanyakazi wa kampuni za mikataba hawakuhakikishiwa hivyo. Mradi ukiisha na mwingine haujapatikana, unakaa bila kazi ya mteja, na muda si mrefu jina lako linaanza kujadiliwa. Aweke akiba.

Na kama ana barua mbili mkononi, moja ya kampuni na nyingine ya ajira ya kudumu katika wizara, achukue ya wizara kwanza, hata ikiwa ni ya masjala, akae huko mpaka aweze kulisoma daftari kama lile. Simwambii hivyo mwenye deni la masomo au wadogo wa kusomesha. Huyo aende kwenye mshahara mkubwa, na kila rasimu aulize mapema ni nani atakayeipokea.