Gari linamisi? Hamisha koili kwanza, pesa baadaye

Juzi usiku msomaji mmoja wa Morogoro aliniandikia: "Dada, IST yangu inatetemeka nikisimama kwenye mataa, na mlimani inakosa nguvu kabisa. Fundi kasema injini imechoka, nitafute nyingine. Nina laki tatu tu. Nifanyeje?"

Nilimjibu pale pale asitoe hata shilingi: huenda gari linamisi tu, yaani silinda moja haiunguzi petroli yake, na wa kwanza kushukiwa ni koili, kifaa kinachoipa umeme plagi ili itoe cheche. Usingizi ukanipotea, maana miaka miwili iliyopita maneno hayo hayo niliambiwa mimi.

Langu nalo ni Toyota IST, yenye injini ya 1NZ, cc 1,500, silinda nne. Ilianza asubuhi moja ya masika, kesho yake baada ya kijana wa kuosha magari kupiga injini maji ya presha. Nikawasha, usukani ukaanza kutetemeka mikononi. Silensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka, ekzosi inakohoa pu, pu, pu, na nyuma kuna harufu ya petroli mbichi. Taa ya cheki injini ilikuwa inapepesa. Nikaendesha hivyo hivyo kutoka Mbezi hadi Posta.

Hilo usilifanye. Taa ya cheki injini ikipepesa, paki. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega (kile kichujio cha moshi ndani ya ekzosi), na masega yakiyeyuka hasara yake ni kubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Fundi wa kwanza akasema tuoshe nozeli (zinazopulizia petroli kwenye injini), elfu themanini. Gari likatulia siku mbili, kisha likarudia yale yale. Wa pili akabadilisha pampu ya mafuta, laki na nusu. Wa tatu akaniuzia kontrolo boksi (kompyuta ya injini) kwa laki nne, na pesa hiyo niliitoa kwenye mgao wangu wa kikoba. Nilipouliza kwa nini bado linamisi, alinijibu mbele ya vijana wake kwamba wanawake magari hatuyajui, kazi yetu ni kulipa. Wakacheka wote. Laki sita na thelathini zimeshasahaulika, kile kicheko bado nakisikia.

Nikaazima mashine ya kusomea makosa kwa jirani. Ikatoa P0303. Tarakimu ya mwisho ndiyo namba ya silinda, na kwenye injini hii namba 1 iko upande wa cheni ya taiming. (P0300 maana yake kumisi kunarukaruka, hakujakaa silinda moja.) Huna mashine? Zima gari, chomoa soketi ya waya ya koili moja, washa, sikiliza. Mlio ukiharibika zaidi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Zima, irudishe, nenda ya pili. Ukifika kwenye ile ambayo ukiichomoa hakuna kinachobadilika, hiyo ndiyo imelala. Fanya haraka, usiache gari liungurume hivyo kwa muda mrefu.

Jumamosi nikafungua mwenyewe, injini ikiwa ya baridi. Hedi (kichwa cha injini) ni ya aluminiamu, na plagi ukiitoa ikiwa ya moto unaweza kuondoka na nyuzi za tundu lake. Nikatoa kava la plastiki, nikafungua boliti namba 10 inayoshika koili, nikavuta. Mpira wa chini wa koili namba 3 ulikuwa umepasuka. Nikatoa plagi kwa soketi namba 16, nikaiinua kwenye mwanga. Kwenye ile kauri nyeupe kulikuwa na mstari mweusi mwembamba, kama umechorwa kwa penseli, kutoka juu hadi kwenye chuma. Cheche ilikuwa inapita hapo pembeni na kuishia kwenye chuma, kule ndani haifiki. Maji ya ile siku ya kuoshwa yalikuwa yameifungulia njia.

Nikarudisha plagi ile ile, nikahamisha koili ya 3 kwenda 2, na ya 2 kuja 3. Nikafuta makosa, nikawasha. Mashine ikasoma P0302: kosa limeifuata koili hadi silinda ya 2. Mchawi alikuwa amehama na nyumba yake! Nilipiga kelele hadi mwanangu akatoka nje.

Koili iliyotumika nilipata Kariakoo kwa elfu arobaini na tano, plagi nne mpya elfu sitini, nafasi ya cheche milimita 1.1. Hadi leo gari halijamisi.

Koili ukiihamisha na kosa likabaki palepale, hamisha plagi. Likibaki tena, ndipo uangalie nozeli, na mwisho kabisa kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Ukikuta oili ndani ya tundu la plagi, sili za tepeti kava (kifuniko cha juu cha injini) zimekufa, na koili mpya nayo itakufa. Lakini anza na koili. Narudia, koili kwanza.

Na usikubali haraka ukiambiwa "ni mafuta". Wengi tunakumbuka petroli ilivyokuwa ikichakachuliwa kwa mafuta ya taa, hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba (alama ya siri ya kutambua mafuta halali) mwaka 2010, kwa hiyo neno hilo linatuingia upesi. Petroli mbaya inaingia silinda zote nne. Silinda moja ikilala peke yake huku tatu zinafanya kazi, kituo cha mafuta hakihusiki.

Dada zangu, na kaka zangu pia, spana namba 10 mnaishika vizuri tu. Fundi mwaminifu hatachukia ukimwambia umeshajua ni silinda ipi, atafurahi umempunguzia kazi. Anayekasirika kwa sababu umeuliza, ondoa gari lako hapo. Mwambie akuonyeshe spea ya zamani, uishike, uone ilipoharibikia. Asipoweza kukuonyesha, hujui umelipia nini.

Mdogo wangu wa Morogoro, kesho asubuhi kabla hujawasha, toa koili moja moja na uandike namba zake kwa peni. Angalia mipira, angalia kauri za plagi, kisha nitumie picha. Laki tatu yako iache kwenye simu.