Mkwe kaniambia nyumba yangu haina mwanamke

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29, naishi Kimara na mume wangu na watoto watatu: mmoja ana miaka mitano, mwingine mitatu, wa mwisho miezi minane. Tumepanga vyumba viwili. Mume wangu ni dereva, anatoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku. Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapohapo sebuleni. Kila siku nafagia, nadeki, nafua, naosha vyombo, na ikifika adhuhuri nyumba imerudi kuwa jalala. Maji ya bomba yanatoka mara mbili kwa wiki, siku nyingine tunatumia ya kwenye madumu. Wiki iliyopita mama mkwe alikuja kutoka Tanga bila taarifa. Alikuta vyombo vya jana, nepi kwenye beseni na vipande vya vitambaa kila mahali. Akasema mbele ya mume wangu: "Nyumba hii haina mwanamke." Mume wangu akanyamaza. Tangu hapo nasafisha mpaka saa saba usiku. Juzi mkubwa alimwaga uji kwenye sakafu niliyotoka kuideki, nikampiga kofi. Sasa ananikwepa. Shangazi, wenzangu wanawezaje? Nitafute dada wa kazi?*
*Mama wa Watatu, Kimara*

Marahaba, mwanangu. Na pole. Barua yako niliisoma asubuhi nikairudia jioni, na kila nikifika kwenye "mume wangu akanyamaza" moyo unanisimama.

Unauliza wenzako wanawezaje. Hawawezi. Mwenye watoto watatu wa umri huo, asiye na mama yake karibu, wala mdogo wake, wala dada wa kazi, naye ana vyombo vya jana. Wewe unaiona sebule yake baada ya kupiga hodi na kusubiri mlangoni. Huoni alichokisukumia chumbani wakati unasubiri.

Nikusimulie langu. Mwaka 1991 nilikuwa nakaa Magomeni, nina wawili, mkubwa hajafika miaka minne. Wakwe walikuwa waje Jumapili. Tangu alfajiri niko mbioni, naosha, nahamisha, napanga. Katika kupanga huko nikataka kuliosha dumu la mafuta ya taa, nikayamimina mafuta kwenye chupa ya soda na kuiweka chini karibu na mlango wa uani. Mwanangu mdogo, wa miaka miwili, akaiona chupa anayoijua, akanywa. Jirani alitaka tumtapishe. Mungu bariki, hatukuwahi, maana hospitali walituambia kumtapisha mtoto aliyekunywa mafuta ya taa kunaweza kuyaingiza mapafuni, na hapo ndipo yanapoua. Tulilala wodini siku tatu. Sebule yangu ilikuwa inang'aa Jumapili ile, na hakuna aliyekaa ndani yake.

Tangu hapo usafi wangu umekuwa na swali moja: ninachosafisha sasa kinamlinda nani? Lipeleke swali hilo kwenye vyumba vyako viwili, utaona kazi inavyojipanga yenyewe.

La kwanza kwako ni cherehani. Una mtoto wa miezi minane, bila shaka anatambaa au yuko njiani, na kila anachookota kinakwenda mdomoni. Pini moja iliyoanguka kwenye ufa wa sakafu inanitisha kuliko vyombo vya siku tatu. Tafuta sumaku, hata ya spika iliyokufa, mafundi redio wanazo. Ifunge kwenye kamba, uiburute chini ya cherehani na pembeni yake kila unapomaliza kushona, kabla hujamteremsha mtoto. Vipande vya vitambaa viingie kwenye kiroba kilichofungwa kwenye mguu wa cherehani, vikiwa bado mkononi mwako. Ukivisubiri jioni, utavikuta mpaka kitandani.

La pili ni maji. Kwa kuwa bomba linakuja na kuondoka, najua una pipa na ndoo zimejaa kila kona. Mbu wa dengue, ile homa iliyotuangusha wengi hapa Dar mwaka 2019, anapenda maji yaliyotulia kwenye vyombo vya nyumbani, na huuma mchana wakati watoto wako nje ya chandarua. Mayai yake hugandana ukutani mwa chombo, na kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hivi. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Siku maji yanapotoka, kabla ya kujaza tena, sugua kuta za pipa kwa brashi au dodoki, kisha funika vizuri. Kufunika kunakuokoa na jambo jingine pia, kwani mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye ndoo ambayo wala haijajaa. Beseni la nepi nalo lisilale na maji sakafuni. Jiki, sumu ya mende na mafuta ya taa vikae juu, kwenye chupa zake vilivyonunuliwa nazo.

Ongeza usafi wa choo, na wa vyombo anavyotumia mtoto kula. Hivyo ndivyo visivyosubiri. Kioo cha kabati kinasubiri. Vumbi la nyavu za madirisha linasubiri, tena kwa Kimara utalifuta leo na kesho litakuwa limerudi. Nguo za watoto za kushindia nyumbani hazihitaji pasi kabisa, acha kutumia umeme wako huko.

Kudeki, deki mara moja tu, jioni watoto wakishakula. Unadeki asubuhi kisha unawapa uji juu ya sakafu yenye unyevunyevu, hapo unajitafutia ugomvi nao bure. Tandika jamvi moja la kulia, chakula chochote kiliwe hapo, wakimaliza unalikung'uta nje. Vyombo navyo vipunguze. Kila mtu abaki na sahani yake moja na kikombe chake kimoja, vingine funga kwenye boksi uviweke juu ya kabati. Watu watano hawawezi kuchafua sahani kumi na tano kama sahani zenyewe ni tano. Hili la mwisho ndilo lililoniokoa mimi, na ningelijua mapema ningelala zaidi.

Sasa tuje kwa mumeo, kwa sababu hapa ndipo barua yako inapouma. Sisemi ni mtu mbaya. Anaamka usiku, anashika usukani kutwa kwenye foleni za mji huu, anarudi amechoka. Lakini na wewe umeamka naye, na siku yako haiishi anapoingia mlangoni. Zungumza naye siku ya mapumziko yake, ameshakula, wala usianze na habari ya vyombo. Anza na ule ukimya. Mwambie, "Mama aliposema vile na wewe ukanyamaza, nilihisi unakubaliana naye." Kisha nyamaza umsikilize. Huenda aliogopa kumjibu mama yake, na hilo ni la kuzungumzika. Ukishasikia jibu lake ndipo umgawie kazi, na umpe kazi nzima, yenye mwanzo na mwisho. Kwa mfano, maji yawe yake. Siku bomba linapotoka usiku, yeye ndiye ajaze na kufunika, na kuogesha wale wakubwa wawili Jumapili kuwe kwake. Usimwombe "anisaidie", maana anayesaidia huacha akichoka. Kama nyumba yenu ni ya swala na atakuambia kazi za ndani si za mwanamume, mkumbushe kwa upole kwamba Bi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake. Mwanamume wa dini atalifikiria hilo hata kama hatalijibu siku hiyo.

Mama mkwe muachie mwanawe. Wewe endelea kumpigia simu na kumsalimia kama zamani. Inawezekana amesahau watoto wadogo walivyo. Inawezekana pia yeye aliwalea wake kwenye nyumba yenye shangazi, bibi na mabinamu, mikono minane kwa kazi unazozifanya kwa miwili. Akija tena, mpe mtoto ambebe. Mkwe aliyembeba mjukuu anayelia nusu saa wakati unaosha vyombo ataelewa mengi usiyoweza kumwambia kwa mdomo.

Dada wa kazi nisingekushauri sasa. Vyumba ni viwili, atalala wapi kwa heshima? Halafu kuna mshahara wa kila mwezi. Na usije ukaletewa binti mdogo kutoka mkoani kwa sababu ni "rahisi". Sheria yetu hairuhusu kuajiri mtoto chini ya miaka 14, na mwenye umri wa shule mahali pake ni shuleni. Mtafute mama wa kufua, anayelipwa kwa siku, aje mara moja kwa wiki. Piga hesabu ya nguo unazoweza kushona kwa saa tatu unazopoteza kwenye beseni, kisha ulinganishe na malipo yake. Nadhani utamwita kesho.

Kuna jambo moja sitaki ulipuuze. Kama usiku mtoto amelala, nyumba imetulia, na wewe bado usingizi hauji, au unalia karibu kila siku kwa wiki mbili na zaidi, au chakula hakipiti, huo si uvivu wala si udhaifu. Wanawake wengi hupatwa na hali hiyo ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, na ina matibabu. Mtoto akitimiza miezi tisa utampeleka kliniki kwa chanjo ya surua na rubela. Ukiwa hapo mwambie muuguzi habari zako wewe, si za mtoto tu. Ukiona hali ni nzito, usisubiri tarehe hiyo.

Na huyo mkubwa anayekukwepa. Usimnunulie pipi, wala usingoje asahau. Leo, kabla hajalala, kaa chini karibu naye, macho yenu yalingane, umwambie: "Nilikupiga kwa sababu nilikuwa nimechoka. Uji kumwagika si kosa la kupigwa. Nisamehe." Kesho asubuhi mpe tambara lake mwenyewe, dogo, na akimwaga mfute pamoja.