Uliza Tujibu: Kambale amemaliza sato wangu

Shikamooni wataalamu. Bwawa langu ni mita 20 kwa 15. Mara ya kwanza nilipanda sato 900, nikavuna utitiri wa visamaki visivyouzika. Jirani akanishauri nichanganye na kambale ili wale vitoto. Nikaweka kambale 100 wenye urefu wa kalamu, siku moja na vifaranga vipya vya sato. Sasa kokoro linatoa kambale watupu. Nimekosea wapi?
*Mfugaji, Urambo, Tabora*

Marahaba. Jirani yako hakukosea. Kilichokosewa ni siku na saizi. Kambale mara nyingi humeza windo zima, kwa hiyo linganisha upana wa mdomo wake na kimo cha mwili wa sato. Kwa kambale wa sentimita 15, kifaranga wa sentimita 3 ni tonge tu. Ila sato huongezeka kimo upesi, tena ana miiba mgongoni. Akifika gramu 30, kambale mdogo hamwezi.

Anza upya. Toa maji yote, udongo wa chini ukauke mpaka upasuke. Usipuuze vidimbwi vinavyobaki, maana kambale hupumua hewa na hustahimili kwenye tope lenye maji kidogo sana, vimwagie chokaa. Mkubwa mmoja aliyesalia anatosha kukuharibia msimu. Jaza maji, kina kisipungue sentimita 80, kisha panda sato 600, yaani wawili kwa kila mita ya mraba. Subiri wiki sita hadi nane wafike gramu 30 au 40. Hapo ndipo uingize kambale 30 hadi 60 wenye gramu 5 hadi 10, wote wa saizi moja. Hili la saizi moja si urembo: kambale aliyewazidi wenzake huanza kuwala hao kabla hajakumbuka vitoto vya sato.

Kwa nini usiache sato peke yao? Huanza kuzaa wakiwa na miezi miwili au mitatu, hata wakiwa wadogo. Jike huatamia mayai mdomoni, na muda huo hali, hivyo hakui. Vitoto vikitoka hugombea chakula kile kile cha wazazi. Mwisho unapata uzito ule ule wa samaki, ila umegawanywa kwa vinywa maelfu. Ndicho kilichokupata mara ya kwanza.

Kuna njia mbili za kuharibu mpango huu. Ya kwanza ni kulisha kupita kiasi. Sato 600 wa gramu 50 ni kilo 30. Asilimia 3 yake ni gramu 900 kwa siku, zigawe asubuhi na alasiri. Ukimwaga zaidi, kambale anashiba pumba na mashudu, ahangaike kuwinda kwa nini? Ya pili ni nyasi za kingoni. Vitoto vya sato hukaa pale pale penye maji haba na majani, kambale asipofika vizuri. Fyeka, na uchimbe kingo ziwe na kina tangu mwanzo.

Mvua za Novemba zikianza, kambale hutambaa kutoka. Ukingo uwe juu ya maji kwa sentimita 30 au zaidi, na wavu wa matundu madogo ukae maji yanapoingia na yanapotokea. Wavu huo una kazi nyingine pia: sato wa Nile akitorokea vijito vya Mto Malagarasi hushindana na perege wa asili, Oreochromis malagarasi, na kwa kuwa sato na perege ni jamii moja, huzaliana kwa urahisi wakikutanishwa.

Usitarajie kambale awamalize vitoto wote, hupunguza tu. Ukipata vifaranga madume watupu, chukua hao, lakini kambale wachache bado waweke, kwa kuwa majike kadhaa hupenya daima.

Wazee wa hapa kando ya Ziwa Tanganyika husema mgebuka, yule samaki mwindaji, akijaa, dagaa hukimbia. Wengine wanasema ni mbalamwezi. Nani mkweli?
*Msomaji, Ujiji*

Wote. Mgebuka mchanga hula vijidudu vile vile vinavyoliwa na dagaa, kwa hiyo ni mshindani. Akikua anageuka mwindaji, na upande huu wa kaskazini mwa Ziwa Tanganyika dagaa ndiye chakula chake kikuu. Kusini hutegemea zaidi uduvi. Dagaa naye hana pa kujichimbia: ziwa lina kina cha mita 1,470, lakini hewa ya oksijeni huishia kwenye mita 100 hadi 200 hivi. Jioni vijidudu hupanda, dagaa huvifuata, mgebuka humfuata dagaa. Karabai huwakusanya wote mahali pamoja, ndiyo maana wavu mmoja hutoa aina zote mbili. Mbalamwezi ikiangaza ziwa zima, taa yako haina mvuto, na samaki hutawanyika. Faraja ya dagaa ni umri: huishi mwaka mmoja hivi na huzaa mapema, hivyo hurudi haraka kuliko mgebuka anayehitaji miaka.

Kuna samaki anayekula magamba ya wenzake?
*Mwanafunzi, Kigoma*

Yupo, tena ziwani kwenu: Perissodus microlepis. Hunyemelea kwa nyuma, anang'oa magamba ubavuni na kukimbia; aliyeng'olewa kwa kawaida hafi. Mdomo wake umepinda. Waliopinda kulia hushambulia ubavu wa kushoto, waliopinda kushoto hushambulia wa kulia. Mwaka 1993 Mjapani Michio Hori alieleza kwa nini aina zote mbili hudumu: wa upande mmoja wakizidi, mawindo hujihadhari upande huo, na walio wachache hula vizuri mpaka nao waongezeke. Idadi hupanda na kushuka ikizunguka nusu kwa nusu.